Tiketi ya Kurudi

Tulishuka Kazuramimba saa moja na nusu,
mimi na Gwasa, maji chupa moja, mihogo ya kuchemsha.
Mkuu wa stesheni akauliza: Mmefiwa?
Hapana. Tunapanda kilima.
Akatazama viatu vyetu,
akatoboa tiketi za kurudi taratibu,
kama anayewaruhusu wagonjwa wasiopona.

Mwisho wa kiangazi. Majivu ya nyasi hadi kwenye soksi,
lakini miyombo imeshachipua, myekundu,
kabla ya tone hata moja,
imevaa nguo za arusi
ambayo kadi yake haijafika.

Juu hapakuwa na kitu.
Upepo, jiwe lenye joto,
reli kule chini, uzi uliosahauliwa na fundi.
Gwasa, aliyemzika mama yake mwezi wa tatu,
alimenya muhogo, hakuula.
Hapa, akasema, hakuna anayenipa pole.

Honi! Upande wa Uvinza.
Tukateremka mbio, magoti yakigombana,
kumbe ni ya mizigo.
Yenu imechelewa saa nne,
akasema mkuu wa stesheni, akitusogezea benchi.
Kisha, kwa sauti ya chini:
Na stesheni yangu,
kutoka kule, inaonekana?