Meneja wa Kuomba

Mlangoni wameshabandika jina langu:
Heledd Beynon, Meneja wa Uchangishaji.
Gundi haijakauka. Pembe ya karatasi inajikunja
kama ulimi ulioona haya.

Llanelli, Jumatatu ya Februari, mvua ya kulala kucha.
Ofisi iko juu ya duka la viatu,
ngazi kumi na saba,
na harufu ya ngozi mpya hupanda nasi hadi mikutanoni.

Meurig, aliyekikalia kiti hiki miaka kumi na tisa,
ameniachia funguo nne zisizojulikana zinafungua nini,
makopo arobaini ya michango
(moja lina kifungo cha koti na peseta iliyokwisha kufa),
na daftari la wafadhili, kwa penseli:
*Huyu usimpigie Ijumaa, anacheza karata.*
*Huyu mnywe chai kwanza. Usimtaje mwanawe.*
*Huyu tajiri. Ataahidi. Wingu la kiangazi.*

Saa tatu, Hywel wa bodi alichora mstari ubaoni:
pauni laki mbili na elfu kumi, kabla ya Machi ya mwakani.
"Ndiyo mishahara ya wanaokesha," alisema,
"wale wanaobisha hodi saa nne usiku
wakakaa na anayekufa, ili mkewe apate kulala."
Akafunika kalamu. Tak.

Mimi nimetoka benki. Kule kazi yangu ilikuwa kukataa.
Miaka kumi na mmoja nilikaa upande wa pili wa meza
nikijifunza kusema hapana kwa sauti ya pole.
Sasa nimehama kiti, na meza imekuwa pana,
pana mno.
Mama aliposikia, aliweka kijiko chini:
"Kwa hiyo utakuwa ombaomba mwenye pensheni?"

Kuomba. Neno hili halina aibu:
linapiga magoti kanisani,
linatoka nje, linanyoosha mkono
kwa vidole vilevile.

Mchana nikampigia Dilys Probert.
Daftari: *Pauni tatu kila mwezi. Piga mwenyewe.*
Kompyuta, kwa herufi za kijani:
Mwombe apandishe hadi tano.
Simu iliita sana. Kisha pumzi, kisha kikombe kikiwekwa.
Nilimsikia yumo ndani ya koti; koti la sufu lina sauti yake.

"Nilitaka kupiga mimi," akasema, "nikaona haya.
Pauni tatu ni jioni mbili za hita.
Lakini yule kijana aliyekesha na Idris wangu
alimkata kucha. Hakuna aliyemtuma.
Saa nane za usiku, moja moja, akakusanya vipande kiganjani.
Unajua, Idris alikuwa fundi wa mabati.
Sikuwahi kuiona mikono yake safi
mpaka asubuhi ile."

Herufi za kijani zilikuwa zikimetameta, zikingoja tano.

Wanasema kutoa ni moyo, si utajiri.
Ni kweli. Lakini waliosema hivyo
hawakuketi sebuleni Februari hii na koti mwilini.
Nikamfuta. Kwa mkono wangu, siku ya kwanza,
nikalipunguzia shirika pauni thelathini na sita kwa mwaka.
Kwenye daftari, chini ya mwandiko wa Meurig, nikaandika:
*Usimwombe tena. Mpigie tu. Uliza hita.*

Kisha nikasema, na koo likanikauka
kama la mtoto aliyetumwa kukopa chumvi:
"Mama Probert, nina ombi moja.
Naomba kisa hicho cha kucha. Niende nacho kwa watu."

Akanyamaza. Mvua ikagonga vioo vya pande zote mbili za simu.
"Chukua," akasema. "Hicho hakili umeme."

Saa kumi nikampigia yule wa wingu la kiangazi.
Yuko mkutanoni, katibu wake akasema.
Nikasema nitangoja.
Chini yetu, dukani, mtu alikuwa akijaribu viatu,
akienda, akirudi, akienda,
akisikiliza kama vinabana.