Somo la Wanaokesha

Alhamisi baada ya Isha, sebuleni kwangu, Ibra:
watoto wanne juu ya zulia, viatu vyao mlangoni
vimelaliana kama paka wachanga.
Kitabu nimekishona mwenyewe kwa uzi wa kofia,
picha nimechora kwa wino, na mbweha kanishinda.
"Huyu mbuzi," asema Azzan, "mbona mkia wake ufagio?"

Tunaanza na bundi. Bu. Ndi.
Muhanna, ambaye shuleni maandishi yasiyo na irabu
humtoa jasho, hapa anasoma
kama anayeshuka ngazi za nyumbani kwao,
kila herufi ipo pale mguu ulipoitarajia.

Kisha popo. Neno fupi,
limegonga ukuta likarudi.

Kisha kalunguyeye. Tunampigia makofi:
ka, lu, ngu, ye, ye.
Makofi matano kwa mnyama anayeenea kiganjani!
Wanacheka hadi Rayya anashikwa na kwikwi.
"Si ndiye nungunungu?" Siye.
Wamefanana miiba, hawakufanana ukoo.

Kisha mjusi kafiri, na hapo nikajuta.
"Mwalimu, kwa nini kafiri? Haswali?"
Nikatazama dari. Naye yupo, kando ya taa,
anamnyemelea nondo,
jicho moja kwangu, kama anayengoja nitamtetea vipi.
Jina tu hilo, nikasema. Waliompa hawakumuuliza.

Kitendawili!
"Tega!"
Kwangu hakuna taa, na sijajikwaa hata siku moja.
Wakataja popo, wakataja nge,
wakataja paka wa jirani mwenye chongo.
Thuraya, mdogo wao, aliyekuwa akinyonya kidole,
akakitoa: "Mtoto tumboni."
Jibu langu lilikuwa bundi. Nikalimeza.

Ubaoni, neno la wiki: KUKESHA.
Kukaa macho mpaka alfajiri.
Andikeni wanne wanaokesha.
Penseli zikakwaruza, kifutio kikagombewa.
Rayya akaniletea daftari, herufi zake zimeinama
kama zinatembea kwenye upepo:
*bundi
popo
mbweha
mama*

Mama yake ni muuguzi, zamu ya usiku.
Hurudi jua likichomoza, ananukia dawa na sabuni,
anavuta mapazia, na nyumba nzima
hutembea kwa ncha za vidole hadi Adhuhuri.
Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi.
Nikalisoma tena swali langu.
*Wanaokesha.* Wanyama sikuwataja.
Nikaweka alama ya vema. Nne kwa nne.

Ndipo Muhanna akamtaka yule mwingine,
wa miguu mirefu ya nyuma, mkia wenye kishungi,
aliyeruka mbele ya taa za gari lao njia ya Bidiya.
"Jarbuu. Kwa Kiswahili nani?"
Nikafungua kamusi iliyobanduka jalada.
Nikafungua tena, kama mtu anayetafuta ufunguo
mfukoni alikokwisha kutafuta.
Hayumo. Waliotuachia lugha hii
hawakuwahi kukutana naye.
"Basi tumpe sisi," akasema Azzan. "Panya-chura."
Rayya akataka Binti Kuruka.
Thuraya akasimama, akaruka mara tatu juu ya zulia,
akakaa. Hilo ndilo jina lake, akasema,
na hakuna aliyejua kuliandika.
Nimeacha ukurasa mtupu.

Magari yamewachukua. Kiatu kimoja kimesahauliwa.
Nje, kiyoyozi kinadondosha maji
kwenye bakuli nililolitega tangu Mei.
Nimezima taa, nimekaa chini ya dirisha.
Anakuja kando ya ukuta, anakoroma kidogo,
mzee mfupi aliyevaa miiba,
anachovya pua.

Ka. Lu. Ngu. Ye. Ye.
Napiga kwa kidole, juu ya goti,
asisikie.