Kiputo Shingoni

Kazi yangu ni kukataa.
Miaka kumi na tisa, kiwandani Nový Bor,
nakiinua kila chombo mbele ya taa nyeupe,
nasaka ufa, chembe ya mchanga, kiputo;
nikiona, nagonga mara moja kwa kijiti cha chuma
na chombo kinarudi kwa moto uliokizaa.

Hiki sikukigonga.
Nilikificha ndani ya skafu, nikapita nacho getini
huku mlinzi akiniuliza habari za paka wangu.

Kina kiuno, na mdomo mpana kama wa tarumbeta.
Kola ya mbao nimeichonga mwenyewe, ukanda wa ngozi
ni wa kiatu cha zamani. Na pale shingoni,
kiputo, kidogo kuliko punje ya ulezi.

Zbyněk ndiye aliyekipuliza. Siku hizi amestaafu;
anapanda vidato vinne vya ngazi yangu, anasimama,
anajifanya anasoma majina milangoni.
Jumapili huja kunywa kahawa, na kuitukana.

Kwake kahawa ni turek tu:
vijiko viwili vya unga ndani ya glasi,
maji yanayotokota, koroga, ngoja mashapo yazame,
kunywa mpaka meno yaguse matope.
Maana yake Mturuki, ingawa Mturuki mwenyewe
angeikana mbele ya kadhi.
Ni kahawa ya tanurini, ya mtu mwenye dakika tano
na mkono mmoja.

Nyingine nimezijaribu. Dada yangu Drahomíra aliniletea
kutoka Italia kile kibirika cha aluminiamu:
kinanguruma, kinakohoa, kinatema wino.
Mkwe wangu akaja na mtungi wa kusukuma,
chujio la waya lashuka kama lifti ya hospitali;
kahawa nzito, yenye mafuta, nzuri, sikatai,
ila kuuosha! Machicha kila pembe,
sinki limeziba mara mbili, fundi amekula pesa zangu.

Hiki cha kioo kinataka jambo jingine.
Karatasi unaikunja, tabaka tatu upande wa mdomo,
unailowesha kwanza, na yale maji unayamwaga,
la sivyo utakunywa ladha ya bahasha.
Unga uwe kama chumvi ya mawe.
Maji yatoke motoni, yatulie, yasahau hasira.
Kisha kidogo tu, mzunguko mmoja,
na unga unaumuka kama donge lenye hamira,
unatoa harufu iliyofungiwa.
Hapo ngoja. Hesabu thelathini. Wengi hushindwa hapo.

"Umelala?" Zbyněk anauliza.
"Inapumua," namwambia.
"Heri yake."

Namimina tena, uzi mwembamba, katikati kwenda nje.
Tone, tone, kisha mchirizi, na chini ya kiuno
rangi inayokuja si nyeusi, ni kaharabu;
waweza kuona kidole changu upande wa pili.

Anakunywa. Anatafuna hewa, akitafuta mashapo.
"Hakuna cha kutema," anasema, kama aliyeibiwa.
Halafu kikombe cha pili, bila kuomba radhi.

Ukiona chaangaza, kimepulizwa.
Maelfu ya vyombo hivi vimepita mdomoni mwake
na hakuwahi kukinywea hata kimoja.
Sasa anakiinua mbele ya dirisha, jinsi nifanyavyo mimi,
na kidole gumba kinatua shingoni, palepale.

"Ulipaswa kukivunja."
"Najua."

Nje theluji ya paa inayeyuka, inadondoka
bila mtu wa kuihesabia.
"Hewa hii," anasema, "ni ya mwaka gani?"
Namwambia: elfu mbili na tisa, Novemba, zamu ya usiku.
"Nilikuwa nayo nyingi," anasema,
na ananisogezea kikombe.