Upepo Ukitulia

Ujumbe umerudi tena, kona ya kulia ya skrini,
mpole kama mdai anayejua unapoishi:
mfumo huu mwisho wake Oktoba.
Chini yake vitufe viwili. Sasisha sasa.
Nikumbushe baada ya siku tatu.
Nimekwisha kukumbushwa mara kumi na moja.

Natoka zamu saa nane usiku, vidole vinanuka kaa
wa kiwandani, hata nikivisugua kwa limau.
Punta Arenas imelala. Jiko la gesi linakoroma.
Ndipo mimi, Danitza, miaka arobaini na miwili,
nisiyemiliki hata baiskeli,
nawasha lori la tani arobaini
na kushika njia ya milima nisiyowahi kuiona.

Mashine hii niliiunda mwenyewe, skrubu kwa skrubu,
Desemba ile, jua likichelewa kuzama.
Kadi ya picha ilimeza posho yangu ya likizo.
Kasha lina ufa; muulizeni paka.
Feni ya pili haianzi bila kukohoa,
na nikisikia kikohozi hicho
najua tuko wawili chumbani.

Na usukani, jamani, usukani!
Niliuziwa na Ceferino wa Río Gallegos,
akauvusha mpaka ndani ya gunia la unga.
Ukipata umeme hujizungusha wenyewe:
kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho,
kisha husimama katikati
kama mtu aliyetazama huku na huku kabla ya kuvuka.
Waliouunda wameshausahau.
Kwenye mfumo mpya, nani ataapa kwamba utatambuliwa?
Yasna anasema wake ulitambuliwa.
Ceferino anasema wake pia, kwa siku tatu,
halafu ukawa duara la plastiki.

Lakini wote wawili wamehama.
Msafara wetu wa Jumamosi, malori matatu gizani,
utaingia seva mpya, na mimi langoni nitaambiwa:
toleo lako limepitwa.

Wahenga wanagombana kichwani mwangu.
Mmoja amekaa kitako: usiache mbachao kwa msala upitao.
Mwingine keshavaa viatu: kipya kinyemi!
Anakwenda mbio, hamalizii
ingawa kidonda.

Alhamisi niliamua.
Nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje:
safari zangu, picha za mama, risiti, hata takataka.
Kidole kilikuwa juu ya kipanya
redio iliposema kilomita mia na kumi kwa saa.
Nyaya za mtaani zilipiga mluzi.
Na maandishi yalikuwa wazi: usizime kompyuta.
Umeme ukikatika kwenye asilimia sitini je?
Nitabaki na mashine isiyo ya jana wala ya kesho.
Nikabonyeza siku tatu.
Nililala usingizi mnono, usingizi wa aliyeponea chupuchupu.

Niseme kweli. Si upepo.
Mwaka jana kiwandani walileta mzani mpya, wa kugusa kioo.
Bi Edelmira, aliyejua uzito wa kaa kwa mlio wa mzani wa zamani,
wiki mbili alikuwa akiuliza vijana: nibonyeze wapi, mwanangu?
Wiki ya tatu hakuja.
Aproni yake bado iko kwenye msumari.
Hakuna aliyemfukuza. Ndicho kinachonitisha.

Leo Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, nimetoka uani.
Kamba ya nguo haitikisiki.
Bendera ya jirani imejikunja kama popo.
Nimetega sikio kwa nyaya: kimya.
Mji huu hautoi asubuhi ya namna hii mara mbili kwa mwezi.

Nimerudi ndani. Feni imekohoa.
Usukani umetazama kushoto, umetazama kulia, umesimama.
Ujumbe uko mahali pake.
Na mimi sina tena upepo wa kusingizia.