Rangi ya Blanketi

Katuba, mwezi wa saba, baridi inauma vidole
na vumbi la kiangazi linaingia hata kwenye chai.
Akriliki haiupendi upepo huu: inakauka
kabla brashi haijafika kwenye ukosi.
Kwa hiyo nimekata sponji, nikailowesha,
nikailaza ndani ya kopo la sardini,
juu yake karatasi ya kuokea niliyoomba kwa Mama Musau.
Hapo rangi hukaa mbichi hadi usiku wa manane,
umeme ukipenda.

Ninao ishirini na mmoja, kila mmoja kidole changu cha mwisho, bila kucha.
Niliwamimina mwenyewe kwa risasi ya betri kuukuu,
nje, kwa sababu ya moshi, majirani wakinung'unika.
Risasi. Lugha yetu haikujisumbua kutafuta majina mawili:
kinachotoka kwenye bunduki na kinachomwagwa kwenye kalibu
ni neno lile lile, uzito ule ule mkononi.

Hawa kumi wanakwenda Tabora, mwaka wa kumi na sita.
Hawa kumi wanawangoja huko.
Upande huu tarbushi nyekundu,
upande ule kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo.
Kaki kwa kaki. Vifungo kwa ncha ya sindano,
na shaba ya kweli, niliyoisugua kutoka kwenye waya;
hapa kwetu shaba haikosekani.
Chupa iliyoandikwa "rangi ya mwili" ni ya waridi kama nyama ya nguruwe.
Nimeitumia kwa mtu mmoja tu, afisa mwenye masharubu.
Wengine wote nimewapaka nyuso siku moja,
kahawia moja, kopo moja,
tone la buluu chini ya macho.
Mjukuu wangu Numbi akauliza:
"Sasa watajuanaje?"
Kwa kofia, nikamjibu baadaye.
Nilikuwa nachora jicho,
na jicho halichorwi na mtu anayepumua.

Wa mwisho hakuwa na kalibu.
Nimemfinyanga kwa gundi ya mabomba:
mgongo umepinda, sanduku kichwani,
blanketi limeviringishwa begani, bunduki hana.
Ni Mwanabute, baba yake bibi yangu,
aliyekwenda na mzigo akarudi na kikohozi.
Picha iliyobaki ni ya kijivu,
hata jua lake kijivu.
Bibi alipoulizwa blanketi lilikuwa la rangi gani
alilitafuta neno, akaelekeza kidole dirishani:
"Si jekundu, si jeusi. Kama maji ya mtaro
siku ya pili ya mvua."

Mwaka mzima nimelitafuta blanketi hilo.
Nilichanganya udongo wa kichuguu na unga wa malakiti,
likatoka tope.
Nikaongeza zambarau, likawa la harusi.
Nikaongeza masizi, likawa la mochari.
Mara sita nimemvua kwa spiriti,
mara sita babu wa watu amesimama uchi
juu ya kizibo cha bia.

Jana umeme ulikatika saa mbili.
Nikawasha mshumaa, nikakusanya brashi,
nikaenda kumwaga maji ya kuoshea.
Maji ya jioni nzima: kaki za pande zote mbili,
tarbushi, nyuso, vumbi la shaba,
masharubu ya afisa.
Mwanga wa mshumaa ukapita katikati ya gilasi.

Sikumwaga.
Nilikaa chini na brashi ya nywele tatu
nikampaka maji yale begani, mkunjo kwa mkunjo,
nikangoja yakauke, nikapaka tena,
tabaka kumi na mbili, maana maji ni maji,
hadi mshumaa ukalala.

Asubuhi nilimsimamisha dirishani.
Bibi hayupo wa kusema ndiyo.
Numbi akamgeuza, akamtazama, akasema ni rangi ya chai.
Nikatazama kikombe changu.
Kilikuwa na vumbi juu.
Nikanywa.