Mstari wa Volti Sita

Trei ya kioo, mali ya mke wa mwalimu,
ya kuokea keki za Krismasi,
leo ina maji ya bomba, chumvi ya ncha ya vidole,
na misumari miwili ya inchi nne imesimama
kama majirani wasiosalimiana.
Betri imetoka kwenye pikipiki ya Mwalimu Tarimo.
Mtu akija kuiazima pikipiki afike Kiboriloni,
anajibiwa: ngoja, inafundisha.

Aikande ameshika waya wa voltimita,
mimi penseli.
Tisa. Tisa. Tisa na nukta mbili, rudi kidogo.
Tisa.
Naunganisha vituo kwenye karatasi ya grafu:
duara linaukumbatia msumari wa chanya,
limevimba mgongoni,
limebanwa upande wa mwenzake.
Tatu ni vilevile kwa msumari wa hasi,
kama duara la kwanza limejitazama kwenye kioo.

Ila sita.
Sita haimkumbatii yeyote.
Inapita katikati, ukingo hadi ukingo,
haijikunji huku wala kule.

"Chaji ikitembea juu ya mstari huu," anasema mwalimu,
"kazi ni sifuri. Ni kuuzunguka mlima
bila kupanda wala kushuka."
(Huyu hajawahi kuzunguka Kibosho
na ndoo ya maziwa kichwani.)

Mama yuko Majengo. Baba yuko Rau.
Mimi tangu Pasaka nalala kwa shangazi, Bondeni,
na watu husema: afadhali wewe,
huna upande, umetulia.

Nanyoosha mkono.
Chaji ikiachwa pale kwenye sita, mwalimu, inakaa?

Hacheki. Anachora mshale, chaki inakatika,
anaumalizia kwa kipande:
mshale umeukata mstari kwa pembe mraba.
"Haikai. Huyu anaisukuma, yule anaivuta,
na wote wawili wanaipeleka kulekule."

Naandika: kulekule.

Baba hakusema nenda.
Aliingiza magunia ya mahindi chumbani kwangu,
moja, kisha saba.
Mama hakusema njoo.
Alinunua chandarua cha kitanda cha pili
kabla ya kununua kitanda.

Kengele. Aikande anafuta misumari kwa sketi,
maji tunaimwagia migomba nyuma ya maabara,
betri inarudi kwenye pikipiki na kuwaka kwa teke la tatu.

Langoni sikukata kona ya Bondeni.
Kwenda Majengo ni mteremko;
miguu ilijua kabla yangu.