Gusa Chuma Kwanza

Januari ya Ulaanbaatar ni kavu, hata pumzi inakwaruza.
Ukivua sweta la sufu gizani linatema cheche,
nywele zinasimama kana kwamba zimeitwa.

Nomindari hakunipa bisibisi siku ile ya kwanza.
Alinifunga ukanda kifundoni,
waya wake akaubana kwenye bomba la radieta
palipokwanguliwa rangi.
"Gusa chuma kwanza, ndipo uguse cha watu."

Nikacheka. Cheche isiyoua hata nzi!

Akavuta droo, akatoa simu ya Dulmaa, muuza maziwa:
ubao mzima, unang'aa, hauna kovu,
na umekufa.
Ndani mlikuwa na sauti ya mwanawe
aliyezikwa kabla ya theluji.
"Aliyeifungua alivaa sufu," akasema. "Hakuhisi kitu."
Akanyamaza, akiusugua mkono wake.
"Sufu yenyewe ndiyo hii niliyoivaa."

Siku hizi nikirudi usiku
sikimbilii kitanda cha Anu.
Nasimama mlangoni na koti langu zito,
kidole kwenye kitasa,
tap!
kiniume mimi,
ndipo nimfunike.